Shairi la Jehanamu Saluni kwa Mama Tracy

Ndanu aliacha shule akiwa kidato cha pili huko Mutomo, Kitui, mwaka ambao mvua ilikataa kabisa na baba yake akauza ng'ombe wa mwisho. Hakuacha kwa kupenda. Alikuwa mtu wa vitabu tangu utotoni. Akitumwa nyama, alirudi akisoma gazeti lililofungiwa ile nyama, damu ikimchuruzika viganjani. Shangazi yake aliyekuwa akiishi Kawangware ndiye aliyemchukua na kumfundisha kusuka. Leo ana saluni yake mwenyewe pale Kawangware 56, chumba kimoja cha mabati kilichoegemeana na duka la hadiwea la Irungu. Watu humwita Mama Tracy, kwa jina la binti yake aliye chuo cha ualimu. Wanawake hutoka mpaka Kabiro na Ayany kuja kwake, kwa sababu havuti nywele za mbele mpaka mtu akose usingizi, na kwa sababu hamsengenyi mteja mmoja mbele ya mwingine.

Mmoja wa wateja hao ni Kageha, mke wa Mwalimu Wekulo. Mwalimu alifundisha Kiingereza shule za upili miaka mingi, akastaafu, akatulia Ayany, karibu na ukuta unaoutenga mtaa huo na Kibera. Lakini mtu aliyezoea darasa hawezi kukaa bure. Alianzisha kikundi cha kusoma, kikawa kinakutana Jumatatu jioni katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Siku moja Kageha, akisubiri dawa ya nywele ishike, alimwona Ndanu ameegemeza riwaya iliyochanika jalada kwenye draya, anaisoma kwa kasi kama mtu anayeibiwa muda.

"Kumbe unasoma hivi na hujawahi kusema?" akauliza.

"Ningemwambia nani?"

"Kuja Jumatatu. Mzee wangu atafurahi."

Jumatatu ndiyo siku saluni huwa baridi, basi Ndanu akaenda, akapenda, akaendelea kwenda. Haukupita muda Irungu naye akajiunga. Mwanzoni alikuja kuchungulia tu jirani yake huenda wapi kila Jumatatu na mkoba umejaa karatasi; aliposikia watu wazima wakibishana kwa hasira juu ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, aliona hapo ndipo mahali pake. Walisoma riwaya, wakasoma maisha ya watu wakubwa, wakasoma hata kitabu cha kufuga nyuki ambacho mtu alikileta kwa makosa.

Kisha Mwalimu akaleta lile shairi.

Lilikuwa shairi refu la kutoka Italia, lililotungwa miaka mia saba iliyopita na mtu aliyefukuzwa katika mji wa kwao na kukatazwa kurudi. Lilisimulia habari za mtunzi mwenyewe akiteremka Jehanamu akiwa hai, akiongozwa na mzimu wa mshairi aliyemtangulia, akionyeshwa ngazi kwa ngazi jinsi watu wanavyolipia waliyoyafanya duniani. Mwalimu alikuwa ametoa fotokopi za tafsiri ya Kiingereza, kila mtu furushi lake.

"Niwaambie ukweli," alisema. "Hiki kitabu kimenishinda mara mbili. Nikiwa chuo nilikiacha katikati. Nikiwa mwalimu nikajaribu tena, nikalala. Sasa nataka kujaribu nikiwa na watu."

"Kwani ni lazima?" Irungu akauliza.

"Si lazima. Lakini nimezeeka."

Wengine walikata tamaa mapema. Bawabu mmoja alisema kazini kwake kuna giza la kumtosha, hahitaji kwenda kutafuta jingine. Fundi wa nguo mmoja alirudisha karatasi zake akiwa amezifunga kwa uzi, akaeleza kwamba alisoma ukurasa mmoja mara nne, na kila akiumaliza alikuwa hajui nani amesema nini.

Ndanu naye alikwama. Nyumbani, baada ya chakula, alizitandaza karatasi mezani akaziangalia kama mtu anayeangalia nguo iliyoshonwa nje ndani. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kupinda. Nusu ya kila ukurasa, upande wa chini, ilijaa maelezo madogo ya kueleza nusu ya juu, na hayo maelezo nayo yalitaka kuelezwa. Wenye dhambi walitajwa kwa majina ya koo za mji ule wa kale, kana kwamba kila msomaji aliishi ploti moja nao. Alisoma, akarudia, akalala.

Aliyemwokoa ni Phanice, msaidizi wake wa saluni. Phanice ni binti wa Vihiga, alimaliza kidato cha nne na Kiingereza chake ni kizuri. Tena hawezi kusoma kitu bila kukigeuza kiwe cha hapa. Siku moja kulikuwa na kazi moja tu, rasta za Aoko, muuza samaki wa pale sokoni, na rasta ni kazi ya kutwa. Ndanu akamwambia Phanice, "Wewe kaa hapo unisomee hizi karatasi. Mikono yangu ina kazi, lakini masikio yapo."

Phanice akasoma kimoyomoyo kidogo, midomo ikicheza, kisha akainua kichwa.

"Sasa hawa ni wale hawakuchagua upande," alisema. "Hawakuwa wabaya, hawakuwa wazuri. Hata Jehanamu yenyewe hawajaingizwa. Wako nje kwa geti, wanakimbia wakifuata bendera, na nyuki wanawauma."

"Hata huko hawatakiwi?" Aoko akauliza.

"Hata huko."

Aoko akafikiri, kichwa kimeinamishwa. "Hao ni wale wanakula kwa kila mgombea, halafu siku ya kura hawatoki kwa nyumba."

Kuanzia hapo shairi likawa na wasikilizaji. Mteja aliyekuja kutengenezwa alikuta Jehanamu iko katikati, akaelezwa ilikotoka, akakaa. Kila mmoja aliweka watu wake mle. Mwenye ploti anayefunga maji mwezi haujaisha alipewa sehemu yake. Mganga wa kwenye mabango alipewa yake kutoka kurasa za mbele, kichwa kimegeuzwa nyuma, na hapo Phanice aliapa kwamba hakubuni, ndivyo ilivyoandikwa. Irungu alisikia yote, maana ukuta wa mabati hauna siri, na mara nyingine alitoa maoni kutoka upande wa pili bila kuonekana.

"Huyu mtu angefaa kupanga mji," alisema. "Ona vile kila mtu ana ghorofa yake. Hakuna kusukumana."

Si wote waliofurahi. Mama mmoja wa maombi, nywele zake zikiwa zimesukwa nusu, alisikia watu wakicheka juu ya moto, akainuka kitini. Alisema Jehanamu si kitu cha kuchezea saluni, akajifunga kitambaa, akaenda na kichwa chake nusu. Kesho yake alirudi kwa kuwa siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Alisema atakubali kumaliziwa ikiwa hakuna kitu kitakachosomwa. Ndanu akakubali. Akasuka, wakisikiliza redio ya kinyozi wa ng'ambo, mpaka yule mama akakohoa.

"Kwani yule mtu alikuwa amefika wapi?" akauliza.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiteremka, mpaka asubuhi moja Phanice alipofika kwenye msitu. Aoko ndiye aliyekuwa kitini tena, anafumuliwa zile rasta.

"Hapa ni msitu hauna njia," Phanice alisema. "Miti yote imepinda, haina matunda, ni miiba tu. Huyu jamaa anasikia watu wakilia na haoni mtu. Anaambiwa avunje kijiti. Anavunja. Woi, mti unatoka damu! Unamuuliza, mbona unanivunja?" Akageuza ukurasa. "Kumbe miti ndio watu wenyewe. Ni wale walijiua."

Mikono ya Ndanu ikasimama kwenye kichwa cha Aoko.

"Funga hiyo."

"Lakini ndio inaanza kunoga, Mama Tracy."

"Phanice. Funga."

Phanice akafunga. Aoko alitazama kiooni, akaona uso wa Ndanu nyuma yake, akainamisha kichwa. Siku hiyo saluni ilifungwa mapema.

Ndanu alikuwa na ndugu mdogo, kitinda mimba wa kwao, akiitwa Mutinda. Alikuja Nairobi baada yake, akajifunza kuchomelea vyuma, akapata mahali Kibera upande wa reli, pamoja na fundi mwingine wa Machakos aitwaye Kavoi. Alitengeneza milango, madirisha, vitanda. Alikuwa mtu wa mzaha. Akija saluni siku ya Jumapili, wateja walikubali kusubiri ili wamsikilize. Kisha, taratibu, kitu kikamzima. Hakugombana na mtu, hakuanza kunywa. Alianza tu kunyamaza. Alikuja saluni akakaa kwenye benchi, chai ikapoa mkononi, akaondoka. Ndanu alimpeleka hospitali wakamtibu tumbo. Akampeleka kwa maombi. Miezi ikaenda hivyo, na siku moja Kavoi akapiga simu.

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Mwili ulipofika Mutomo, wazee wa ukoo walisema mtu wa namna hiyo haingizwi uani kwa mlango wa mbele. Kiongozi wa kanisa wa wakati huo alisema hakuna ibada. Wakamzika jioni kando ya ua wa nyuma, bila wimbo, bila msalaba, watu wachache wakiwa na haraka ya kuondoka. Mama yao hakulia mbele ya watu. Toka siku hiyo hakulitaja tena jina la mwanawe. Ikimlazimu, alisema "yule mdogo".

Huku Kawangware, Ndanu aliporudi na kuulizwa, alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Watu wakaitikia kwa kichwa, wakampa pole, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amemzika mtu kwa njia hiyo. Neno likakaa. Kadiri muda ulivyopita, ikawa vigumu zaidi kuliondoa.

Jumatatu iliyofuata hakwenda Ayany. Ya pili pia hakwenda. Ya tatu alizikusanya zile karatasi, akaziweka kwenye mfuko, akaenda azirudishe tu na kurudi. Aliwakuta wamekaa, na kwa bahati yake walikuwa palepale msituni. Mwalimu alikuwa ameurudia kwa kuwa wiki mbili zilizopita hakuna aliyeuelewa. Kageha akamsogezea kiti kabla hajasema alichokuja kufanya. Akakaa, mfuko mapajani.

Mwalimu alikuwa akieleza kwamba siku ya mwisho, kwa mujibu wa yule mtunzi, roho zote zitarudi kuchukua miili yao. Hata hawa wa msituni watakwenda kuichukua, lakini hawataivaa. Wataiburuta mpaka kwenye ile miiba, kila mtu autundike mwili wake kwenye mti wake.

"Hapo mimi naona ni haki," Irungu alisema. "Kitu umetupa mwenyewe, utarudishiwa aje?"

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyozoea kubishana, kama mtu anayepima mbao. Wawili watatu wakaitikia kwa kichwa. Ndanu alijisikia anaanza kuongea kabla hajaamua.

"Ndugu yangu alijiua."

Irungu akageuka kumtazama.

"Anaitwa Mutinda. Alikuwa welda hapa tu, Kibera. Nyinyi niliwaambia ni malaria. Haikuwa malaria. Sasa wewe Irungu, unasema alitupa. Hakutupa kitu. Alikuwa mgonjwa. Alikaa miezi kama mtu amebeba gunia na hakuna mahali pa kuliweka, na sisi tukimwangalia, tukimpa dawa ya tumbo. Na huyu mtunzi wenu hata hakumwuliza mtu alikuwa anaumwa nini. Amemfanya mti tu, akapita."

Mwalimu alivua miwani.

"Pole, Mama Tracy," alisema. Akakunja karatasi zake, na wengine wakakunja zao. Kageha alileta chai, wakainywa wakiongea habari za mvua. Ndanu na Irungu walizoea kurudi Kawangware pamoja. Siku hiyo kila mmoja alirudi kivyake. Ule mfuko wa karatasi Ndanu alirudi nao, kwa kuwa alisahau kuutoa.

Asubuhi, walipokuwa wakifagia nywele za jana, Phanice alisimama na ufagio.

"Mama Tracy, naweza kukuambia kitu na usikasirike?"

"Sema."

"Ule msitu nilienda nikamaliza peke yangu. Wewe hukufika mwisho. Ule mti uliongea, ukaambia wao hadithi yake yote, vile alikuwa mtu mkubwa kwa mfalme, watu wakamwonea wivu, wakamharibia jina. Na huyu jamaa anasikiliza. Akaambiwa, uliza kingine. Akasema hawezi, uliza wewe, mimi huruma imenizidi."

Ndanu akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Na mti ulikuwa unataka nini?"

"Alisema kama kuna mmoja wao atarudi huku juu, amtengenezee jina. Kwa sababu bado liko chini pale walilitupa."

"Halafu?"

"Halafu wakaenda."

"Kwa hivyo bado ni mti?"

"Bado."

Phanice akaendelea kufagia, polepole, asije akaonekana anasubiri.

"Ni mkatili huyo mtunzi," Ndanu alisema mwishowe.

"Ni mkatili," Phanice akakubali. "Lakini alisimama akasikiliza. Wengine wengi amewapita tu."

Ndanu hakufarijika. Alieleza baadaye kwamba lililomwingia ni jambo dogo na la wazi: kaburi la Mutinda lilikuwa halina jina. Mtu wa ukoo aliyezaliwa juzi angeweza kupita pale na mbuzi asijue kuna nani. Na hilo halikutaka ruhusa ya mtunzi wa zamani wala ya mtu yeyote. Lilitaka chuma, saruji, na mtu wa kwenda.

Akafunga saluni mchana, akaenda Kibera. Hakuwa amekanyaga upande ule wa reli tangu alipokwenda kuchukua nguo za ndugu yake. Kavoi alikuwa palepale, amechuchumaa juu ya mlango wa geti, cheche zikiruka. Alipomwona alizima mashine na kuinua ile miwani nyeusi.

"Dada," alisema. "Karibu."

Alimpa ndoo iliyogeuzwa akalie. Ndanu alianza kwa kuzunguka, akauliza kazi, akauliza watoto, halafu akasema anataka msalaba wa chuma wenye jina, na akaona hawezi kuuagiza bila kusema ukweli.

"Kavoi, kuna kitu nilikuwa nasema kwa watu. Kwamba ni malaria."

"Najua."

"Unajua?"

"Dada, mimi ndio nilivunja mlango. Hapa laini yote ya mafundi inajua. Tulisikia kule kwako ni malaria, tukasema sawa, huyo ni wake, tungoje vile yeye ataamua." Alijipangusa mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Unataka herufi kubwa ama za kawaida?"

Wakakubaliana kubwa. Wakati Kavoi akipima, Ndanu alimsimulia habari za ule msitu, miti na damu. Kavoi alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo aliandika, kuna mtu wake alijiua?" akauliza.

"Sijui. Mwalimu anasema alifukuzwa kwao tu, akafia ugenini."

"Basi alikuwa anakisia," Kavoi alisema, akarudisha miwani usoni. Hakutaka malipo. Ndanu alibisha, akashindwa.

Irungu alichukua siku kadhaa kabla ya kuja. Alisimama mlangoni mwa saluni kulipokuwa hakuna mteja, akashika fremu kwa mikono miwili.

"Mama Tracy, mimi siku ile nilikuwa naongea juu ya kitabu."

"Najua."

"Nikiwa nyumbani nikaona kumbe hakuna kuongea juu ya kitabu peke yake."

"Najua, Irungu. Ingia, unaziba mwanga."

Akaingia. Alikuwa amesikia habari za safari ya Mutomo kupitia mabati, na saruji ni kitu alichokuwa nacho. Akasema kuna lori la mteja wake linalokwenda Kitui na mabati, litafika hadi Mutomo, litabeba mifuko na huo msalaba. Ndanu akashukuru. Kuhusu miili na miiba hawakuzungumza tena, wala Irungu hakusema kama amebadili mawazo. Pengine hakubadili.

Nyumbani Mutomo, kazi ngumu ilikuwa mama yake. Mwaitu, kama wanavyomwita mama kwa Kikamba, alikuwa ameketi nje akichambua pojo lori liliposhusha mifuko. Aliuliza ni ya kujengea nini. Ndanu akamwambia. Mama akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema wazee hawatapenda. Baada ya muda mwingine akasema kanisa lilishakataa. Ndanu hakubishana, aliketi chini kando yake akamsaidia kutoa mawe kwenye pojo.

"Mwaitu, mimi siombi wazee. Nakuomba wewe."

Bibi kizee akauweka ungo chini. "Nenda kwa Wambua," alisema. "Huyu wa sasa si kama yule."

Wambua alikuwa katekista mpya, mtu wa makamo mwenye baiskeli, mpole kwa sauti. Alimsikiliza Ndanu mpaka mwisho. Alisema yaliyofanyika wakati ule hawezi kuyafuta, na kwamba kumfanyia ibada ya mazishi mtu aliyezikwa zamani ni jambo la kuuliza wakubwa wake, na majibu huchelewa. Ndanu akaanza kuinuka.

"Ngoja, sijamaliza," Wambua alisema. "Mtu akinialika kwake chai, na kuna msiba, huwa naomba. Hiyo siulizi mtu."

Akaja siku iliyofuata, bila kanzu, shati lake la kila siku. Fundi wa pale kijijini alikuwa ameshamwaga saruji na kuusimamisha msalaba wa Kavoi. Majirani wengine walibaki ng'ambo ya ua, mikono nyuma, wakitazama. Wengine waliingia. Mzee mmoja wa ukoo, yuleyule aliyekataza mlango wa mbele, alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mbali kidogo, akakaa bila kusema sababu ya kuja. Wambua aliomba kwa Kikamba, kwa ufupi. Alisema Mungu anajua uzito wa kila mzigo kwa kuwa yeye anauona kutoka pande zote. Halafu akauliza kama kuna mtu wa familia mwenye neno.

Ndanu alikuwa amejiandaa, lakini mama yake alimtangulia. Alisogea, akaupapasa ule msalaba kwa kiganja, akifuata herufi ingawa hakujua kusoma.

"Huyu ni Mutinda," aliwaambia waliokuwa ng'ambo ya ua. "Ndiye mwanangu wa mwisho."

Akalia hapo, mchana, mbele ya watu, na wanawake wakaingia kupitia pengo la ua wakamshika. Chai ikapikwa kwa sufuria kubwa. Watu walikaa hadi kivuli kikageuka, na mmoja wao akakumbuka mzaha wa zamani wa Mutinda kuhusu punda wa shule, akausimulia vibaya, akasahihishwa.

Ndanu aliporudi Kawangware, Aoko alikuwa wa kwanza kuuliza safari ilikuwaje. Alimwambia kila kitu. Hakushusha sauti, ingawa kulikuwa na wateja wawili zaidi. Aoko akasema kwao kulikuwa na mjomba wa hivyo, ambaye watoto hukatazwa hata kuuliza picha yake. Mmoja wa wale wengine, mama asiyejulikana sana, aliomba maji ya kunywa. Alipomaliza kunywa alisema na kwao pia.

Kikundi cha Ayany kilimaliza Jehanamu mvua fupi zilipoanza. Walikuwa wamebaki wachache. Huko chini kabisa walishangaa kukuta barafu badala ya moto, na Irungu akalalamika kwamba amehubiriwa moto maisha yake yote. Mwalimu aliwauliza kila mmoja amekionaje kitabu. Mmoja alisema hakukielewa ila amefurahi kukimaliza. Kageha alisema kilimfanya aote. Irungu alisema kitabu ni kizuri lakini mtunzi mwenyewe ana kiburi, kujiweka hakimu wa majirani zake, halafu akacheka kwa kujua na yeye amefanya hivyo muda wote.

Ilipofika zamu ya Ndanu, alisema bado hajamsamehe mtunzi. "Ningemkuta ningemwambia arudi kwa ule msitu akae kidogo zaidi," alisema. "Lakini sijuti kusoma. Kuna vitu nilikuwa siwezi kufanya kabla sijakasirishwa na mtu aliyekufa zamani."

Mwalimu akawaambia kuna sehemu ya pili, ya mlima, ambako watu wanapanda badala ya kushuka. Hiyo nayo hajawahi kuimaliza. Wakapiga kura kwa mikono. Irungu alitaka kitabu cha mpira, akashindwa.

Huo mlima wanaupanda mpaka sasa. Phanice amejiunga na kikundi, akipata ruhusa. Usomaji unakwenda polepole, maelezo ya chini bado ni mengi kuliko shairi lenyewe, na wateja wa saluni wanalalamika kwamba wenye dhambi wa huku hawachekeshi kama wale wa mwanzo.